Mlioshindwa kupata boksi langu Lushoto mkabambika kopo la dawa, someni hapa

Wakuu salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za vivutio vya Usambara. Sitangazi utalii. Nina hasira, kuna watu humu nawasema, na wenyewe wanajijua.

Kwa msioujua mchezo wa jiokeshingi, kwa kifupi: mtu anaficha boksi mahali, ndani kuna daftari na vitu vidogo vya kubadilishana, anachukua nukta za GPS za pale na kuziweka mtandaoni. Wewe unazifuata na simu yako, unalitafuta, ukilipata unaandika jina kwenye daftari, unalirudisha palepale, halafu unaripoti kwenye programu. Hela hakuna. Ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali yao iliacha kuvuruga mawimbi ya GPS wanayotumia raia, vipimo vilivyokuwa vinakosea hata mita mia vikawa vya mita chache, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akawatangazia watu waitafute.

Sasa boksi langu liko juu kidogo ya njia ya kwenda Irente, pale ambapo ukisimama ukingoni unaiona tambarare ya Mazinde yote chini yako. Limo ndani ya shamba la mtu. Sikulitupa tu. Nilikwenda kwa mzee mwenye shamba, nikaamkia, nikakaa, nikalifungua mbele yake akaona kila kitu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyo anayetoka Ulaya kulitafuta, akilipata anapewa nini?" Nikamwambia hapewi kitu mzee, anaandika jina anaondoka. Alicheka mpaka akakohoa. Akakubali kwa masharti: asichimbe mtu, asikanyage mtu maharage yake, na anayepita atoe salamu. Masharti hayo nimeyaandika kwenye ukurasa wa boksi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, juu kabisa, kabla hata ya nukta.

Mwezi uliopita likaja kundi, wageni kadhaa na vijana wetu wa kutoka Dar. Wametafuta wamekosa. Sawa, inatokea. Chini ya mikaratusi simu inayumba, mshale unakupeleka huku, ukifika unakurudisha kule. Ndiyo maana boksi langu nimelipa ugumu wa 3 kati ya 5, na ndiyo maana kuna kidokezo ambacho ukibonyeza mara moja kinafunguka. Kidokezo kinasema usihangaike na ukuta. Hawakukifungua.

Na ukikosa, kuna kitufe cha kusema umekosa. DNF, yaani Did Not Find, "sikupata", ule uso wa bluu ulionuna. Ukiubonyeza hufi. Hupungukiwi na kitu. Mimi mwenye boksi nikiona nyuso za bluu zinafuatana najua kuna jambo, napanda kwenda kuangalia. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini watu wanautaka ule wa njano unaocheka, hesabu ipande, wapige picha ya skrini waweke status.

Basi wakafanya nini? Wakatoa kopo la plastiki la vidonge vya vitamini, wakaweka ndani risiti ya hoteli iwe ndiyo daftari, wakaandika majina yao, wakalichomeka kwenye mawe ya ukuta uliobomoka, hatua kama ishirini kutoka boksi lilipo. Kisha wakaripoti: "Tumepata! La zamani limepotea, tumekusaidia kuweka jipya. TFTC." Hiyo TFTC ni "asante kwa boksi" kwa kifupi cha Kiingereza.

Limepotea wapi? Niliposoma nilipanda siku hiyohiyo. Boksi lipo, limefungwa, kavu, daftari ndani, na jina la hata mmoja wao halimo. Mmesaidia nini? Mchezo huu una sheria ya mita 161 kati ya boksi na boksi, nyie mmeweka la pili hatua ishirini, bila ruhusa, kwenye shamba la mtu msiyemjua hata jina. Hiyo siyo kusaidia, huko ni kubambika.

Na ukuta wenyewe sasa. Hapa wageni wa Usambara nisikilizeni vizuri. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, na milima hii imejaa mabaki yao. Kila ukuta wa mawe uliobaki, iwe kweli au uongo kwamba ni wa Mjerumani, una hadithi ya mali iliyofukiwa walipokimbia vita. Watu wazima na akili zao wanaamini. Wapo wanaochimba usiku, wapo waliotapeliwa hela na wenye ramani. Sasa wewe unaingia shambani na mzungu, mmeshika simu kama kipimo, mnazunguka ukuta, mnapapasa jiwe moja moja, mnatikisa vichwa, halafu mnachomeka kitu na kuondoka haraka mkiangalia nyuma. Kijana anayechunga mbuzi upande wa pili ataelewa nini?

Alielewa hivyohivyo. Na kwa kuwa kopo lenu liliwadanganya waliofuata, wakaja wengine wawili tofauti wakapapasa ukuta uleule. Hao siwalaumu sana, wameona kopo wakadhani ndilo, wakasaini risiti. Baada ya hapo ukuta ukachimbwa. Usiku. Shimo la kufika kiunoni, mawe yametupwa kwenye maharage, tuta zima limeng'olewa. Aliyechimba hajulikani mpaka leo.

Mimi nikapata wito ofisi ya kijiji. Nakuta mtendaji, mwenyekiti, mzee mwenye shamba amekaa kwenye benchi haniangalii, na mezani kuna kopo la vitamini. Lebo imebanduliwa nusu. Risiti imekunjuliwa, wameibana na kalamu isiruke, na yale majina ya kigeni yanasomwa moja moja kwa sauti kama mahudhurio. Naulizwa, "Hawa ni nani, na walikupa shilingi ngapi uwaonyeshe mahali?" Jaribu wewe kueleza jiokeshingi katika chumba hicho. Jaribu kusema "ni mchezo tu" kwa mtu aliyepoteza tuta la maharage.

Nilieleza, nikaonyesha boksi halisi, nikalipia maharage. Mzee amenielewa nusu. Ameniambia ataona. Kwa hiyo boksi nimelisimamisha kwa muda, na msiniandikie inbox kuuliza litafunguliwa lini, similiki shamba.

Najua kuna watakaokuja hapa na ile hoja ya "hata ndoo ya kwanza ya Ulmer ilifukiwa nusu ardhini". Ndiyo, ilifukiwa. Ikawa funzo, na sheria za leo zinakataza kuchimba ili kuficha au kupata boksi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Someni sheria za sasa, acheni kusoma historia kwa kuchagua.

Hili la kujificha nalo tuliseme. Wachezaji wa nje wana adabu yao: asiyecheza asikuone ukitoa boksi, maana atalichukua. Kwao inafanya kazi, na hata kwao si wakati wote. Mwaka 2011 kule Wetherby, Uingereza, kopo la mchezo huu lililoachwa nje ya mgahawa lilizua hofu ya bomu mpaka wataalamu wa mabomu wa jeshi wakaja kulilipua. Sembuse kijijini kwetu, ambako hakuna "asiyekuona". Ukidhani uko peke yako kwenye vilima vya Usambara, jua kuna mama juu yako anakata majani na watoto watatu wanakufuata nyuma ya mgomba. Kujificha kwako ndiko kunakokutia mashakani. Dawa yake ni salamu. "Shikamoo mzee, tunatafuta lile boksi la mchezo, tunaruhusiwa kupita?" Imeisha. Mzee yule angewasindikiza mwenyewe, na nina uhakika angewaonyesha mti lilipo boksi, maana anapenda kuona watu wakihangaika halafu wanaruka kwa furaha. Anasema Wazungu wakubwa wazima wanashangilia daftari. Vijana wa Dar mliokuwepo mlikuwa na ulimi wa kusalimia na hamkuutumia. Hilo limeniuma kuliko kopo.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalizie uchungu wote. Kanuni ya vitu vya ndani ni kwamba ukichukua, weka chenye thamani ileile au zaidi. Niliweka shanga za kufungia funguo, sarafu za zamani, vipande vya kanga vilivyoshonwa vizuri. Nimekuta nini? Tiketi ya basi. Kifuniko cha soda. Na pipi, wakuu, pipi! Chakula hakiwekwi kabisa kwenye boksi, hili liko kwenye kila mwongozo. Pipi iliyeyuka, sisimizi wakajaa, kurasa za daftari zikashikana nikawa nazibandua na wembe. Bahati kima hawakulifikia kwanza, wangelipasua.

Kuna pia kile kibati chenye namba, aina ya vile vinavyosafirishwa kutoka boksi hadi boksi na mwenyewe anafuatilia kwenye programu. Kilitoka Ujerumani, kikapitia nchi kadhaa, kikafika Lushoto, kikafia mfukoni mwa mtu. Aliyekichukua hajaripoti. Mwenye kibati ananiandikia mimi, kwa upole kabisa, kama nimekiona. Nyie mlidhani ni zawadi?

Wenye mpango wa kuja likizo kuficha boksi lenu Zanzibar au Moshi na kupanda ndege kesho yake, msipoteze muda. Kuna wakaguzi wa kujitolea wanaopitia kila boksi kabla halijatangazwa, na watakuuliza nani atalitunza. Msiniweke mimi jina bila kuniuliza, kama alivyofanya mmoja humu.

Nitakachofanya ni hiki. Kila ripoti ya "nimepata" ambayo jina lake halimo kwenye daftari langu naifuta. Waliosaini risiti ya vitamini bila kujua, zenu pia zinaondoka, samahani, mkija tena nitawapeleka mwenyewe. Lile kundi la kwanza, nawapa nafasi ya kubadilisha ripoti yenu iwe DNF kwa mkono wenu na mwandike ukweli kwamba mlikosa. Msipofanya hivyo mpaka Ijumaa nafuta, na naandika sababu pale kwenye ukurasa kila mtu asome.

Gharama ya maharage na tuta nimeilipa kutoka mfukoni mwangu. Mkitaka kuchangia, msinitumie mimi. Mpelekeni mzee mwenyewe, kwa miguu, na muanze na shikamoo. Kopo lenu bado liko mezani kwa mtendaji, alikataa kunipa, anasema mpaka aje mwenye nalo.