Wauza spea na mafundi, hizi klachi za "pleti tupu" mnatuumiza. Giaboksi inashushwa mara mbili kwa kosa lenu

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa malalamiko na sitazunguka. Biashara ya klachi mjini imekuwa wizi wa mchana kweupe, na anayeumia ni yule yule mwenye hela ya kuungaunga: dereva wa Haisi ya injini ya 3L au 5L, mwenye Kirikuu ya kubebea matofali, mwenye Corolla ya gia za mkono anayetaka gari iwe barabarani kesho asubuhi. Anaingia dukani na sentensi moja, "nipe klachi ya Haisi". Muuzaji haulizi injini, haulizi mwaka, haombi ile ya zamani aipime. Anashusha boksi, anapokea hela. Baada ya wiki chache giaboksi iko chini tena na ufundi unalipwa upya.

Hesabu ya klachi iko hivi. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi: propela shafti, stata, mauntingi, bolti za kuzunguka kengele (ganda la mbele la giaboksi linalofunika klachi), halafu kuirudisha. Gharama hiyo haipungui hata ufunge pleti ya bei ya chini kuliko zote sokoni. Kwa hiyo bajeti ikibana, hela iende kwanza kwenye vitu vinavyofikika giaboksi ikiwa chini tu: pleti (sahani yenye laining, yaani ile sehemu ya kusugua), presha (kifuniko cha springi kinachoibana pleti), rilizi beringi (inayosukuma presha ukikanyaga pedali), ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kama gari yako inayo, na sili ya nyuma ya krenki ikiwa inatoa jasho. Vinavyofikika kwa nje, yaani silinda ya juu (ya kwenye pedali), silinda ya chini (ya kwenye giaboksi) na hozi, vinaweza kungoja mwisho wa mwezi kama havivuji. Mafundi wengi wanafanya kinyume kabisa. Wanakubadilishia silinda mpya za nje, halafu ndani wanakurudishia beringi ya zamani "kwa sababu bado nzima".

Kuna jingine linalokera zaidi: watu wanauziwa klachi wasiyoihitaji. Gia zikigoma kuingia wakati injini inaunguruma, na injini ikizimwa zinaingia laini, cha kwanza kushukiwa siyo pleti. Klachi haiachii. Angalia mafuta ya breki kwenye kikopo, angalia unyevu kwenye mpira wa silinda ya chini, toa upepo kwanza. Klachi iliyoisha dalili zake ni nyingine: mshale wa mizunguko unapanda ila mwendo haupandi, hasa gia ya nne ukiwa na mzigo au ukipanda mlima kama Kitonga, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Kama huna uhakika, vuta handibreki, tia gia ya tatu au ya nne, kanyaga mafuta kidogo huku ukiachia klachi. Injini ikizima papo hapo, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Jaribu mara moja inatosha, kurudia ni kuiunguza.

Kelele nazo zinajieleza. Ukikanyaga pedali kelele ikaanza, mara nyingi hiyo ni rilizi beringi. Kelele ikiwepo gari iko nyutro na mguu haupo kwenye pedali, kisha ikapotea ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya shafti ya giaboksi, na klachi mpya haitaiponya. Fundi asiyejua kutenganisha hizo mbili asishike spana ya giaboksi yako.

Sasa kuchagua.

Klachi hainunuliwi kwa jina la gari. Haisi moja na nyingine zinaweza kupishana injini, na injini ikipishana pleti inapishana. Toyota wana vipenyo vinavyofuatana kwa karibu: milimita 200, 212, 224, 236, 250, 260. Kwa macho, 224 na 236 zinafanana kabisa. Kuhesabu meno ya splaini (shimo la katikati ya pleti linapoingia shafti) peke yake hakutoshi pia, kwa sababu pleti nyingi za Toyota zina meno 21 na bado shimo la katikati linatofautiana ukubwa. Nenda na pleti ya zamani mkononi, nenda na venia (kile kipimo cha milimita), pima kipenyo cha nje, hesabu meno, pima shimo. Halafu presha: matundu ya bolti yakae sawa, na kimo cha vidole vyake (ncha za springi yake, pale beringi inaposukuma) kilingane na cha zamani. Presha yenye vidole vya kimo tofauti itafunga vizuri tu, ila pedali itashikia juu sana au klachi isiachie kabisa, na fundi ataanza kukusingizia silinda.

Mwenye namba ya spea ana nafuu kubwa. Kwa Toyota, namba inayoanzia 31250 ni pleti, 31210 ni presha, 31230 ni rilizi beringi. Kwenye maboksi ya kampuni ya Exedy, TYD ni pleti ya Toyota na TYC ni presha yake. NSD na NSC ni Nissan, ISD na ISC ni Isuzu. Kampuni ya Aisin wana DT (pleti) na CT (presha) kwa Toyota. Muuzaji anayekuambia "namba hazina maana bosi, hii inaingia zote" anakuongopea. Toka dukani kwake.

Na kwa nini mnauza pleti peke yake, hiyo "pleti tupu", kwa mtu ambaye presha yake imekufa? Presha ndiyo inayobana. Uso wake ukiwa umebadilika rangi kuwa bluu au una nyufa nyembamba kama nywele, umeshapikwa na joto, na pleti mpya utakayoweka hapo italika upesi. Vidole navyo vinaliwa na beringi. Vitabu vya ufundi vya Toyota vingi vinatoa kikomo: alama ya kuliwa isizidi kina cha milimita 0.6 na upana wa milimita 5, na ncha za vidole zisipishane kimo kwa zaidi ya milimita 0.5. Vitu vya kupimwa kwa dakika mbili, na hakuna anayepima.

Pleti ya zamani nayo kipimo chake ni kina cha kutoka uso wa laining hadi kichwa cha ripiti (vile vipini vya chuma vinavyoishikilia laining). Ikifika milimita 0.3 imeisha. Ripiti zikianza kugusa chuma zinachimba flaiwili, na hapo bajeti yako imekwenda na maji.

Nije kwenye pleti za kuvishwa laining mpya. Naelewa kwa nini watu wanazikimbilia: bei ni sehemu ndogo ya pleti mpya. Lakini tazama kinachofanyika. Laining ya klachi inayostahili imefumwa kwa nyuzi zinazozunguka ili isipasuke injini ikienda mizunguko mingi. Wengine wanakata laining ya breki, wanaipiga ripiti pale na kusema kazi imekwisha. Ile haikutengenezwa kwa kuzunguka hivyo. Na hata laining ikiwa sahihi, chini yake kuna mabati membamba yaliyopindwa ambayo kazi yake ni kuifanya klachi ishike taratibu. Kwenye pleti iliyotumika miaka, mabati hayo yamelala. Utaachia pedali na gari itaruka kwa mtetemo. Springi za katikati zikiwa zimelegea zinacheza kwenye vyumba vyake, ukitikisa pleti sikioni unazisikia, na hapo kuvisha laining ni kupaka rangi ukuta uliooza. Kwa gari ya abiria mimi siikubali kabisa. Kwa trekta au mashine inayokwenda polepole shambani, ikivishwa na mtu mwenye laining sahihi, sawa.

Mtumba ni habari nyingine na hapa natofautiana na wanaosema usiguse. Seti iliyotoka na injini yake kutoka Japani, pleti na presha zikiwa pamoja, inaweza kuwa bora kuliko "mpya" ya boksi lisiloeleweka. Masharti: laining iwe na zaidi ya nusu ya unene wake, isiwe na alama ya oili, presha isiwe na bluu, vidole vipimwe kama nilivyosema. Rilizi beringi ya mtumba usinunue kwa bei yoyote. Hiyo nunua mpya, ya kampuni inayojulikana, kwa sababu ikifa inakula vidole vya presha na giaboksi inashuka tena kwa kitu kidogo kuliko vyote. Na jamani mafundi, acheni kuziosha beringi hizo kwa petroli! Zimefungwa na girisi yake ndani. Ukiiosha umeiua kabla haijafungwa.

Feki zipo na boksi siyo ushahidi. Toa kitu chenyewe nje. Angalia vichwa vya ripiti kama vimepigwa sawasawa pande zote, namba iliyoandikwa kwenye chuma kama inalingana na ya boksi, presha ina alama za kusawazishwa uzito, mara nyingi vitundu vilivyotobolewa pembeni au vyuma vidogo vilivyopachikwa. Kama unayo ya zamani orijino, zipime mkononi zote mbili. Presha nyepesi waziwazi kuliko ya zamani ina chuma kidogo cha kumeza joto. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya spea, siyo neno "spea" tupu. Duka likikataa kuandika namba, umeshajua.

Flaiwili ndipo fedha nyingi zinapopotea kimyakimya. Fundi anashusha, anakuta uso una mifereji na madoa ya joto, anapiga msasa dakika tano, anafunga. Pleti mpya juu ya uso wa hivyo inagusa vilima tu, inateleza, inaungua. Ipelekwe kwa mchongaji. Lakini hapa mchongaji naye awe anajua: flaiwili nyingine zina ngazi, yaani sehemu ambayo presha inafungwa na sehemu ambayo pleti inasugua haziko kimo kimoja. Ukichonga sehemu ya pleti peke yake umeongeza umbali, na presha itabana kwa nguvu pungufu. Klachi mpya kabisa itateleza ukibeba mzigo na kila mtu atalaumu pleti. Kiasi kilichotolewa kwenye uso wa pleti kitolewe pia kwenye uso wa bolti, kipimo kile kile. Flaiwili za vipande viwili vyenye springi ndani, zilizoko kwenye dizeli nyingi za Ulaya, hazichongwi.

Oili ikikutwa ndani ya kengele, usifunge chochote kabla ya kujua imetoka wapi. Nyeusi na nyembamba ni ya injini, tafuta sili ya nyuma ya krenki. Nzito yenye harufu kali inayokwama puani ni ya giaboksi, tafuta sili ya shafti. Sili ni mpira mdogo. Kuiacha ili kuokoa hela hiyo ndogo ni kuiogesha klachi mpya kwa oili, na laining ikishanyonya oili, thina haiirudishi.

Wakati wa kufunga simama hapo hapo gereji. Uso wa presha mpya una mafuta ya kuzuia kutu, yafutwe. Pleti mara nyingi imeandikwa upande wa flaiwili. Springi za katikati kwa kawaida zinatazama giaboksi. Pleti ikalishwe katikati kwa kifaa chake au shafti ya zamani, bolti zikazwe kwa msalaba kidogo kidogo, kwa Toyota nyingi hadi Nm 19 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Girisi kwenye splaini iwe kidogo sana, ikizidi itarushwa kwenye laining. Na giaboksi isiachwe ining'inie kwenye pleti wakati mtu anatafuta jeki! Uzito ule unapinda pleti, na klachi itakataa kuachia kuanzia siku ya kwanza.

Nyongeza, kwa maswali yanayojirudia hapo chini:

Mliouliza kwa nini klachi mpya inateleza wakati kila kitu kimebadilishwa: pimeni pedali. Kwenye Toyota nyingi za klachi ya mafuta inatakiwa ishuke bure milimita 5 hadi 15 kabla haijakaza. Kama haina nafasi hiyo, silinda ya juu inabakiza mgandamizo wa mafuta na klachi iko nusu imekanyagwa muda wote. Urekebishaji ni nati moja kwenye kifimbo cha pedali, huna haja ya kushusha chochote. Wenye Kirikuu zenye klachi ya waya, ni waya uliovutwa sana.

Aliyeuliza kama anaweza kuongeza oili ya haidroliki kwenye kikopo cha klachi: hapana. Mafuta ya breki tu, DOT 3 kama kifuniko kinavyosema. Haidroliki na oili zinavimbisha mipira ya silinda zote mbili.

Na baada ya kufunga, kilomita kama 500 za mwanzo endesha bila mzigo mzito na usishikilie gari mlimani kwa klachi.

Wenye vipimo vya kweli vya gari zenu wekeni hapa: injini, mwaka, kipenyo cha pleti, meno, namba ya spea iliyotoka. Picha ya venia ikiwa juu ya pleti ni bora zaidi. Tukiwa na orodha ya Haisi, Kirikuu na Canter, muuzaji wa "inaingia zote" atakosa pa kusimama.