Nasaha wenzangu: sabuni yangu inauzwa kwa jina la watu, na mie sitaki kuweka sura yangu mtandaoni

BintiWete
Assalaam alaykum. Niko Wete, Pemba, huu mwaka wa tatu natengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Namimina kwenye boksi la ubao, siku ya pili naikata kwa waya, kisha vipande vinakaa wiki 4 uchagani mpaka vikauke sawasawa. Kila kipande nakifunga ukili anaousuka mama.

Lipo duka Mji Mkongwe nalipelekea. Waliniambia nilete bila ya lebo, wataweka wenyewe, nikaona hamna neno. Mwezi uliopita nimekwenda Unguja, naingia dukani naiona sabuni yangu ina lebo yao, 12,000. Mie wananipa 2,500. Ukili wa mama uko vilevile, hata fundo lake nalijua. Nilikishika kile kipande, nikakirejesha, nikatoka bila ya kusema kitu.

Sasa mdogo wangu ananambia nifanye kama wasanii: nijiuze mwenyewe, video kila siku, watu wanijue. Mume wangu hana kipingamizi, ila mie sitaki uso wangu uzagae. Naomba nasaha. Bila ya sura, biashara itajulikana?

ShangaziWaFumba
Waalaykum salaam mwanangu. Pole sana.
Siti binti Saad katoka huku kwetu Fumba. Kabla ya taarab alikuwa akitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, na watu wakijua kuwa anakuja kwa sauti yake, bado hawajamuona. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, zikauzwa pwani yote hii. Wangapi walionunua walikuwa wameshamuona Siti? Walinunua sauti. Wewe sauti yako ni harufu ya makonyo na ule ukili. Usije ukaubadilisha ukili kwa karatasi za kung'aa ati za kisasa.

KijanaWaNgambo
Dada, nakuunga mkono kwa sura. Sia, yule mwimbaji wa Australia, miaka ya 2014 na kuendelea alikuwa akijifunika uso kwa wigi, na wigi lenyewe ndilo likawa alama yake. Tazama na Diamond: redio, televisheni na tamasha zote kazipa jina moja, Wasafi. Jina linakwenda asipokwenda yeye. Piga video mikono yako tu, waya unapopita kwenye sabuni. Hiyo mie ningeitazama mpaka mwisho.

MuuzaUdi
Mie napingana kidogo. Nauza udi Darajani, na tangu nianze kuonekana wateja wanakuja wakiniita jina. Mtu huwa na imani na anayemuona. Kama hutaki uso, sawa, lakini basi jibu ujumbe wa kila mteja mwenyewe, kwa sauti yako. Usimwachie mdogo wako.

FundiLebo
Jamani, mnazungumza sura na video, ilhali tatizo la dada ni umiliki. Hapo ndipo pa kujifunza kwa wasanii.

Taylor Swift, mwimbaji wa Marekani, alisaini na kampuni ya kurekodi akiwa binti mdogo. Mwaka 2019 kampuni ile ikauzwa pamoja na rekodi za albamu zake 6 za mwanzo. Nyimbo katunga yeye, kaimba yeye, rekodi ni mali ya watu. Kuanzia 2021 akarudia kurekodi albamu moja baada ya moja, na mashabiki wakahamia kwenye mpya. Mwaka 2025 ndipo akazinunua zile za zamani. Sasa wewe, ulipokubali kupeleka bila ya lebo, umetoa rekodi yako bure. Lililo lako bado ni kujua kupika. Basi rudia kurekodi: sabuni ileile, jina lako juu yake.

Nenda BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar, usajili jina la biashara na alama yako. Na usidanganywe kuwa ukisajili Bara inatosha. BRELA ni ya Bara, Zanzibar tuna sajili yetu, ya huku haikulindi kule na ya kule haikulindi huku. Ukipeleka mzigo Dar, sajili pote pawili. ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, nao waulize kama sabuni za mwilini ziko kwao.

ShangaziWaFumba
Naongeza. Usiwatazame watalii peke yao. Rihanna, yule mwimbaji, alipoanza vipodozi vyake vya Fenty Beauty 2017 alitoa foundesheni za rangi 40 kwa mpigo, wanawake waliokuwa hawapati rangi yao madukani wakapata. Huku nani hapati sabuni yako? Sisi. 12,000 sitoi. Kata kipande cha 1,000 cha kumtilia bibi harusi kwenye sinia.

BintiWete
Shukrani nyote, Mungu awalipe. Shangazi, la kipande kidogo halijanijia kabisa, na zile ncha zinazobaki kwenye boksi nilikuwa nawapa majirani. FundiLebo, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Na lile duka, nivunje nao moja kwa moja? Nusu ya mauzo yangu ni wao.

FundiLebo
Usivunje leo. Mzigo ujao peleka na lebo yako. Wakikataa, peleka nusu tu, nusu ya pili itafutie mlango mwengine kwanza.

BintiWete
Mzigo ni Jumanne, kwa boti. Mama anauliza lebo ikae wapi isifiche ukili. Nimemwambia chini ya fundo.