Tupeane uzoefu: Mwenye nyumba kakwambia "wanangu wanarudi, nipishe"

Chalii wa Sakina: Wakuu, leo asubuhi nimemkuta mzee kakaa kibarazani ananisubiri. Binti yake karudi kutoka Dar na watoto watatu, wanalala sebuleni, kwa hiyo vyumba vyangu viwili anavitaka mwisho wa mwezi. Nimelipa miezi sita, nimekaa miwili. Mzee hana ubaya na mtu, ndiyo maana inaniuma. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mama Brayo: Kijenge niliambiwa hivyo hivyo. Napita baada ya mwezi, "wanangu" wamekuwa saluni na kibanda cha chipsi.

Kibosho Asilia: 😂😂 Yamenikuta

Mzee wa Njoro: Wapangaji mna maneno. Mama yangu alivunjika nyonga huko Rombo, ningemlaza stoo? Nilimpa kijana miezi miwili na kodi iliyobaki nikamrudishia. Mpaka leo akipita hanisalimii.

Dada wa Moshono: Wewe ulirudisha hela, shikamoo. Wenzako je?

Baba Pacha: Uzi umenitonesha. Pasua, Desemba, na Desemba ya Moshi mnaijua. Mke wangu ana siku kumi tangu ajifungue. Mwenye nyumba alishanipa notisi ya mdomo, kaka zake wanne wanakuja na familia. Nikamwambia mkataba unaisha Machi. Siku hiyo narudi kazini saa kumi, fundi yuko juu anaezua. Mabati sita yako chini. Mke wangu kakaa chini ya mparachichi na watoto wawili ndani ya kitenge kimoja. Sikupigana jamani, miguu iliisha nguvu. Aliyepigana ni mama yake mwenye nyumba, ndiyo kwanza anashuka kwenye Hiace kutoka mlimani. Kumwona mzazi nje, alimshusha fundi kwa mkongojo, halafu akamwambia mwanawe Kichaga ambacho jirani alikataa kunitafsiria. Tulikaa wote wiki tatu, sisi chumba kimoja, wao kumi na mmoja. Bibi anapika mtori kila siku. Mvua ikinyesha, yale mabati yaliyorudishwa yanavuja upande wao.

Kibosho Asilia: Bibi apewe uenyekiti wa mtaa

Jembe la Usa: Na fundi alilipwa?

Baba Pacha: Mara mbili. Kuezua na kuezeka.

Mtoto wa Unga Ltd: Wachaga na nyumba bwana

Kibosho Asilia: Usianze ukabila. Huko kwenu mnatolewa usiku.

Mtoto wa Unga Ltd: Kwetu wapi? Mimi nimepanga kwa Mchaga!

Jembe la Usa: Chalii, nenda Baraza la Kata kesho asubuhi.

Karani Mstaafu: Tangu 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu. Kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na ile sheria ya kudhibiti kodi iliyokuwa inambana mwenye nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo soma mkataba wako, kipengele cha notisi.

Mzee wa Njoro: Kesi na mzee wa watu? Omba miezi miwili na chenji yako, kwa maandishi, mjumbe akiwepo.

Dada wa Moshono: Usihame hata kidogo. Akuezue tuone.

Chalii wa Sakina: Dada, mimi sina bibi wa mkongojo.

Dalali Kwa Mrombo: Chumba na sebule, LUKU yako mwenyewe. Udalali kodi ya mwezi mmoja.

Mama Brayo: Mwenye nyumba ana watoto wangapi Dar?