Probox, globu za LED na barabara ya Mikumi usiku: trafiki ana haki?

Mbeba Matenga, Iringa

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaojua umeme wa magari na wanaojua sheria, nimekwama.

Nina Probox ya 2006. Jioni napakia nyanya Ilula, saa mbili usiku naondoka, nashuka Kitonga, napita Ruaha Mbuyuni, nakatiza hifadhi ya Mikumi, alfajiri niwe sokoni Morogoro. Taa zake zilikuwa zimefifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Mwezi wa tano, kabla sijaingia Ruaha Mbuyuni, nilimwona mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa nikiwa nimeshamfikia kabisa. Nilimkwepa kwa rehema za Mungu. Nilipofika Morogoro mikono ilikuwa bado inatetemeka.

Kwa hofu ile nikanunua globu za LED Kariakoo, 65,000, zimeandikwa H4, aina ya globu inayoingia kwenye taa yangu, unachomeka tu bila kukata waya. Zikawaka nyeupe pee, nikafurahi. Ila tangu siku ya kwanza, kila gari ninalopishana nalo linanipiga full, taa za kumulika mbali, na mimi nimewasha dimu, zile za kushusha. Wiki iliyopita trafiki kanisimamisha magharibi, kaniambia niwashe taa, kazunguka mbele, kaziba macho kwa mkono. Kaniandikia 30,000. Nikamuuliza, afande, mbona magari mapya yote yana LED? Akanijibu, "Yao yametoka nazo."

Je, kweli ni kosa? Na kama ni kosa, nifanyeje nione barabara? Sitaki kuua mtu.

Dereva wa Semi

Mdogo wangu, mimi ni mmoja wa hao wanaokupiga full. Sikupigi kwa hasira, nakuambia sioni. Nikiwa kwenye kona za Kitonga na mzigo, mwanga ukinijaa usoni kwa sekunde tatu, hata kama natembea kilomita 40 kwa saa, nimeshakwenda zaidi ya mita 30 kwa kukumbuka tu ukuta ulipo. Korongo nalijua liko upande gani, ila mtu wa miguu simjui aliko. Tena siku hizi hata bodaboda wanafunga hizo hizo. Zitoe, nakuomba.

Fundi Umeme wa Magari

Mkuu pole, na umefanya vema kuuliza kabla hayajatokea makubwa.

Chukua globu yako ya zamani ya H4, uitazame vizuri. Ndani kuna nyuzi mbili. Mmoja una kikombe kidogo cha bati chini yake, kama kijiko. Huo ndio uzi wa dimu. Kile kijiko kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifleta, lile bakuli la kung'aa nyuma ya globu, kwa sababu mwanga unaopiga chini ndio unaoruka juu na kuingia machoni mwa mwenzako. Rifleta ya Probox imechongwa kufuata uzi huo, pale pale ulipo, kwa milimita. LED uliyonunua haina uzi, ina vidonge vya taa vilivyobandikwa pande mbili za kibati chenye unene wake. Chanzo cha mwanga kikihama kidogo tu, rifleta inautawanya ovyo. Mbele ya boneti panakuwa peupe sana, ndiyo maana ulifurahi, lakini mwanga wa kufika mbali ni kidogo, na jicho likishazoea ule weupe wa karibu halioni tena kilichoko gizani huko mbele.

Kuhusu sheria: Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Taa kubwa za LED zilianza kutoka kiwandani kwenye Lexus LS 600h mwaka 2007. Kwa hiyo usihangaike kutafuta neno LED humo. Swali la trafiki ni kama gari lako, kwa hali liliyonayo, ni hatari kwa wengine barabarani, na taa inayompofusha anayekuja inaangukia hapo hapo. Lile jibu lake ni la kifundi kabisa. Zikitoka nazo kiwandani, rifleta, lenzi na chanzo cha mwanga vimebuniwa kwa pamoja.

Sasa kabla hujanunua kitu kingine, tafuta fundi mwenye mita. Injini ikiwa inaunguruma na taa zinawaka, apime volti kwenye betri, halafu apime kwenye soketi ya globu. Magari ya umri huo nakuta betri ina 14.1, kwenye globu inafika 11.8. Usizidharau hizo volti mbili. Globu ya halojeni, yaani hiyo ya zamani yenye nyuzi, ikikosa asilimia 10 ya volti zake, inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Waya mwembamba wa tangu Japani na soketi yenye kutu vinameza umeme njiani. Dawa yake ni relei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme), moja ya dimu na moja ya full, waya wa milimita 2.5 za mraba utoke moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri, na swichi ya usukani ibaki kuiamrisha relei tu. Eathi nayo, waya unaorudisha umeme kwenye bodi, iwe mpya. Globu ubaki na ya wati 60/55 ya kawaida. Ukishawishiwa za wati 100, kataa, soketi itayeyuka na rifleta itababuka.

Tena hicho unachokiita kioo cha taa ni plastiki, jua ndilo limeigeuza njano. Msasa wa maji namba 800, kisha 1500, 2000, 3000, polishi, halafu klia ya kukinga jua. Ukiruka hiyo klia, njano inarudi baada ya miezi michache.

Na matenga yako! Nyuma ikilala, pua inainuka, na taa zinainuka nayo. Lenga taa gari likiwa na mzigo. Simama sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, bandika utepe ukutani kwenye kimo hicho. Washa dimu. Mstari wa mwanga ukae sentimita 10 chini ya utepe, isipokuwa kushoto unapanda kidogo kumulika ukingo, ambako ndiko kwenye watu wa miguu na baiskeli. Gari la Japani linakuja hivyo kwa sababu na wao wanapita kushoto kama sisi. Magari ya nchi zinazopita kulia, kama Kongo au Burundi, mwanga wao unapanda kulia, na huku kwetu hiyo kulia ndiyo machoni mwa anayekuja.

Mzee wa Harrier

Mbona mimi nina LED mwaka wa pili, na hakuna aliyenipiga full?

Fundi Umeme wa Magari

Yako ina projekta, kaka, lile jicho la mviringo. Ndani yake kuna kibati kinachokata mwanga wa juu, kwa hiyo makosa mengi ya globu yanafichika. Hata hivyo nenda ukutani upime, usitegemee ukimya wa wenzako.

Mpiga Boksi, Leicester

Niongezee la huku Uingereza. Tangu Januari 2021 mwongozo wa ukaguzi wa kila mwaka, ule wa MOT, unasema taa ya halojeni ikikutwa imefungwa HID (globu za gesi ya zenoni) au LED, gari linafelishwa. Hata iwe inamulika vizuri namna gani. Ujerumani wameruhusu globu chache za LED tangu 2020, lakini kila moja kwa aina za magari zilizoorodheshwa tu, baada ya kupimwa ndani ya taa ya gari lenyewe. Kwa hiyo herufi H4 kwenye boksi zinakuambia itaingia kwenye tundu. Hazikuambii itamulika wapi.

Mbeba Matenga, Iringa

Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita. Fundi wa hapa Ipogolo amepima mbele ya macho yangu: betri 14.0, globu ya kulia 11.9, ya kushoto 11.2. Relei, waya, soketi mpya na kazi yake vimenigharimu 45,000. Msasa nimepiga mwenyewe Jumapili nzima, maji yaliyokuwa yanachuruzika yalikuwa ya njano kama chai ya maziwa. Sasa globu zote mbili zinapata 13.5.

Ukutani, nikiwa na matenga, dimu ilikuwa juu ya utepe kwa kiganja kizima. Kumbe hata zile globu za zamani nilikuwa nawamulika watu usoni. Nimeshusha.

Jana usiku hifadhini, nikiwa kwenye 50 ile ile ya kibao, swala watatu walikuwa wamesimama ukingoni kushoto. Nimeona macho yao kwanza, halafu miguu. Nikaachia mafuta, nikapita taratibu, hata tenga moja halikuteleza. Ilula hadi Morogoro nimepigwa full mara moja tu, kwenye kilima nilikochelewa kushusha.

Zile LED ziko kwenye boksi lake chini ya kiti. Kuna jamaa sokoni mwenye Probox anazitaka kwa 40,000. Nimemkatalia, nimempeleka kwa fundi.

Swali moja limebaki. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa kubwa ya upande huo inapepesa kidogo. Ni nini?

Fundi Umeme wa Magari

Eathi. Inaelekea zinagawana boliti moja kwenye bodi. Ifungue, kwangua rangi mpaka uone chuma, kaza, paka grisi kwa juu. Ukimaliza pima tena upande wa kushoto, uniandikie imesoma ngapi.