Lebo za asali zinafifia: nihamie printa ya riboni?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Tunafungasha asali hapa Tabora, na lebo tunachapa kwa printa ya joto isiyotumia riboni (utepe wa wino), yaani joto lenyewe ndilo linaloweka maandishi kwenye karatasi maalumu. Chupa zikikaa dukani sehemu yenye jua, karatasi inageuka kijivu na tarehe ya mwisho wa matumizi haisomeki kabisa. Inaniuma, maana mteja ana haki ya kuiona. Nimeongeza joto la printa, wapi. Nikabandika selotepu juu ya maandishi, ndiyo kwanza yakafifia haraka zaidi.

Kwa mnaotumia riboni: ya wino wa nta tupu kwenye lebo ya karatasi itavumilia jua na mikono yenye asali, au nichukue ya nta iliyochanganywa na resini (kitu kinachofanya wino uwe mgumu) kwenye lebo ya plastiki? Na kwa barkodi ndogo, dpi 203 (nukta 203 kwa kila inchi) inatosha? Natanguliza shukrani.