Kikundi cha ukoo: Vikombe viwili vya maji

Rehema: Shikamooni wakubwa. Jana nimewawekea watoto Jurassic Park, ile ile ya 1993. Yule mtoto wangu wa mwisho alikuwa anakula wali. Vile vikombe viwili vya maji mbele ya gari vilipoanza kutikisika, kijiko kikabaki hewani. Na dinosaria mwenyewe hata hajatokea!

Mjomba Hamisi: Marahaba mama. Umenikumbusha mbali. Hiyo picha niliionea bandani, Morogoro. Tivii inchi 14, kanda imechakaa, mistari inapanda na kushuka. Ukubwa wa mnyama hatukuuona kabisa. Lakini maji yalipocheza kikombeni banda zima kimya, hata mtafsiri aliacha kuongea. Ndiyo maana nasema picha ni hadithi. Hizi za siku hizi majengo yanaanguka saa mbili nzima na sijui hata stelingi anataka nini.

Faraji: Shikamoo mjomba. Hapo naomba nikupinge kidogo. 2022 niliiona Avatar ya pili kwa miwani. Samaki wadogo walinipita puani, nikanyoosha mkono. Ndiyo iliyonifanya nisomee haya mambo ya kompyuta. Ile nayo ni nguvu.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Na ilipata Oscar ngapi?

Faraji: Moja. Ya efekti, zile picha za kutengeneza.

Mjomba Hamisi: Ehee.

Faraji: Subiri mjomba. Yule mama, Neytiri, anapofiwa na mtoto wake mkubwa, ile sura ya bluu yote imetengenezwa na kompyuta. Ila kilio ni cha mwigizaji wake, Zoe Saldaña. Walimfunga kamera ndogo mbele ya uso, ikanasa kila msuli. Bila efekti usingekiona kilio kile.

Rehema: Lakini Faraji, umetaja samaki mara moja, halafu umekwenda moja kwa moja kwa mama aliyefiwa. Hao samaki walifanya nini kwenye hadithi?

Faraji: Dada, walinionyesha kile ambacho wale watu wa bluu wanakaribia kunyang'anywa. Usipoipenda ile bahari, vita yao haikuhusu.

Rehema: Hilo nimelikubali. Sikuwa nimelifikiria.

Mjomba Hamisi: Mimi bado. Unajua vile vikombe walivitikisaje? Walipitisha uzi wa gitaa chini ya deshibodi, mtu akawa anaupiga. Basi!

Faraji: Naijua hiyo, mwalimu wetu alitusimulia. Na picha nzima dinosaria wanaonekana kama dakika 15 tu, na za kompyuta humo ni kama 6. Nyingine ni midoli. Yule mkubwa wa kwenye mvua alikuwa na uzito wa karibu tani 4, ngozi ya sponji. Ikinyonya maji anaanza kutetemeka, inabidi wamfute kwa mataulo ndipo waendelee.

Rehema: Mataulo! Ngoja niwasomee watoto.

Faraji: Na kuna fundi, Phil Tippett. Kazi yake ilikuwa kusogeza vinyago kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Kompyuta ilipoonyesha inaweza, kazi hiyo ikaisha. Lakini hawakumwacha, akabaki kuwafundisha vijana wa kompyuta mnyama anavyotembea, anavyosita kabla ya kuruka. Mimi nataka kuwa kama yeye. Mashine nitajifunza, lakini huko kusita ndiko ninakokutafuta.

Mjomba Hamisi: Hapo umeniweza, mwanangu. Wengi wenu hamsiti. Mnyama anatoka dakika ya kwanza, ananguruma mpaka mwisho, mtu anachoka. Spielberg, mwongozaji wa Jurassic Park, alituweka karibu saa nzima ndipo tukamwona yule mkubwa.

Shangazi Tatu: Jamani, niko na Bibi hapa, namsomea. Anauliza yule mbuzi alikuwa wa nani.

Rehema: Mbuzi gani, shangazi?

Shangazi Tatu: Aliyefungwa pale uani mwa mnyama. Anasema jana alikaa na watoto wako. Kwa huu mtoto wa jicho hakumwona mnyama, aliona giza na mvua tu. Lakini alimsikia binti kwenye gari akiuliza mbuzi yuko wapi, halafu kitu kikadondoka juu ya kioo. Hakulala mpaka saa saba.

Rehema: Ya Rabi! Nilidhani Bibi anasinzia.

Shangazi Tatu: Hakusinzia. Anataka kujua kama wale watoto wawili walitoka salama. Wewe ulizima kabla haijaisha.

Rehema: Watoto walikuwa na shule asubuhi.

Faraji: Bibi shikamoo. Usimwambie, shangazi! Jumapili nakuja na spika yangu. Nitakaa ubavuni kwake, nimtafsirie kila kinachopita.

Shangazi Tatu: Anasema marahaba, na usimfiche hata lile la mbuzi.

Mjomba Hamisi: Na mimi nakuja. Saa ngapi?