Ukoo wa Ngamiani (gumzo la Jumapili)

Zuhura: Shikamooni nyote. Jana nilikwenda Ribblehead, kaskazini mwa Uingereza. Tazameni hilo daraja la reli. Nguzo za mawe, matao 24 ya matofali, la miaka ya 1870.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Mbona kijikoti chepesi hivyo?

Mjomba Salimu: Urefu?

Zuhura: Mita 400. Kwenda juu 32.

Mjomba Salimu: Nimekuza picha, naona nguzo moja nene kuliko wenzake. Au macho yangu?

Zuhura: Macho mazima, mjomba! Kila nguzo ya sita wameinenepesha, ili moja ikianguka yaporomoke matao machache tu, mengine yabaki.

Mjomba Salimu: Mafundi hao. Ndiyo maana na sisi genge la kukarabati reli hatukung'oa mataruma yote kwa mkupuo.

Kassimu: Mjomba kashaanza 😂

Mjomba Salimu: Nyamaza, treni yenyewe hujaipanda.

Zuhura: Miaka ya 1980 walitaka kuifunga njia, eti kulikarabati daraja ni mamilioni ya pauni. Watu wakaandika pingamizi kwa maelfu. Hata mbwa, Ruswarp, alitia unyayo wake. 1989 serikali ikakataa kufunga.

Bibi: Mbwa?

Zuhura: Alikuwa akikatiwa tiketi, bibi. Akahesabiwa abiria.

Kassimu: Mbwa ana tiketi, mimi Korogwe naenda nimesimama mlangoni mwa basi.

Shangazi Mwana: Na waliolijenga?

Zuhura: Walikaa vibandani hapo hapo uwandani, shangazi. Wengi walikufa, kwa ajali na kwa ndui.

Shangazi Mwana: Kama reli hii yetu ya Wajerumani. Ilianza hapa Tanga 1893, Moshi ikafika 1911. Wajerumani twawataja, waliobeba kokoto hata jina moja hatulijui.

Mjomba Salimu: Zuhura, treni bado yapita juu yake?

Zuhura: Yapita, ya abiria na ya mizigo. Ila njia ni moja, ya pili waliiondoa 1985 kupunguza uzito.

Mjomba Salimu: Hapo nimewasifu. Huku mtu akisema urithi, anapiga picha jengo la stesheni, anakwenda zake. Treni ikipita kila siku, lazima mtu akague nyufa. Nitumie picha ya nguzo, karibu kabisa, nione mawe yalivyokatwa.

Zuhura: Nimesharudi Leeds, mjomba.

Mjomba Salimu: Si kuna treni?

Bibi: Asiende kokote na kijikoti kile.